Dada kaonyesha skrini nzima

Shoga, dada yangu kaumbuka! Sasa hivi, nikiona!

Alikuwa anawafundisha wauguzi mtandaoni, bosi wake naye yumo. Nilimwambia, "Funga WhatsApp kwanza, onyesha slaidi peke yake." Akanijibu, "Niache, najua." Kumbe kaonyesha skrini nzima!

Katikati ya somo ukachomoza ujumbe wa mama: "UMESHAMWAMBIA BOSI UNAACHA KAZI?"

Wote wameusoma, shoga. Wote!

Bosi akasema tu, "Endelea, tunakusikiliza."

Angekimbilia wapi? Akamaliza slaidi zote. Mwishoni ikambidi aulize kama kuna maswali.

Bosi akawasha maiki. "Mimi ninalo. Mama umemjibu nini?"

Dada akajibu, "Namjibu sasa, bosi. Namwambia nimeshakuambia."