Kwa Aabo, Uliyesimamisha Gari

Aabo,

Baba yangu, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nikianza kwa Kisomali, lugha uliyonilea nayo, nalia kabla sijafika mstari wa pili. Leo sitaki kulia. Nina hasira.

Miezi minne sasa. Hooyo, mama yetu, bado anakutengea kikombe cha chai, halafu anainywa mwenyewe ikishapoa.

Unamkumbuka Mwende, mwalimu mwenzangu kutoka Kitui, uliyempeleka Masalani kwa pickup yako? Njiani ulisimama mara tano kubeba watu, mpaka akanung'unika kwamba atachelewa. Ukamwambia kwa Kiswahili chako kile: "Mwalimu, barabara hii haina mwenyewe. Mtu akitoa mkono, wewe simama. Leo yeye iko na kiu, kesho ni bibi yangu." Alicheka hadi machozi. Mwaka uliofuata watu wenye bunduki waliingia nyumba za walimu wakamuua. Wewe ndiye uliyebeba jeneza lake hadi Garissa, na redio ya gari uliizima njia nzima.

Kwa hiyo siku redio iliposema kwamba aliyewatuma wauaji wale ameuawa kwa kombora ng'ambo ya mpaka, "yeye na mshirika wake, hakuna raia aliyedhurika," nilisimama katikati ya ofisi ya walimu nikasema Alhamdulillahi. Nikaagiza mandazi, nikawalisha wote. Mimi nilikula matatu.

Jioni binamu Abdi akapiga simu kutoka kwa shangazi ng'ambo ya mpaka, kule ulikokwenda kumjulia hali. Akasema mlifika kisimani mkakuta mtu amevimba mguu, amenyoosha mkono. Ukasimama. Abdi akampisha kiti cha mbele, na kwa kuwa nyuma kulijaa mizigo, yeye akabaki kungoja gari lingine. Jina hukumuuliza, wewe ulisema ni aibu kumhoji msafiri kabla hajanywa maji. Abdi alikuwa bado analiona gari lako lilipolipuka.

Mshirika ni wewe, Aabo.

Tulichemsha chai ya mtaa mzima. Waliokuja kutupa pole walitosha mkeka mmoja, na hata hao walikunywa huku macho yao yako mlangoni.

Nilikwenda kwa wakili. Alinisikiliza vizuri, akavua miwani. "Mwalimu, unamshtaki nani? Waliorusha hawakubali kwamba ni wao. Kule ilikotokea hakuna wa kupokea faili. Hapa kwetu watasema haikutokea kwao." Polisi walikuwa na swali moja tu juu yako: ulimjua yule mtu tangu lini? Na mwalimu mkuu wetu, mtu mwema, akaniambia, "Pole sana, Halima, lakini yule angeua wengine." Huenda ni kweli. Ila hiyo "lakini" yake ndiyo wewe.

Mimi nilimtaka yule mtu kizimbani. Nilitaka asimame, asomewe jina la Mwende, ajibu. Nawe ungemjua, najua ungefanya nini: ungempa maji kwanza, halafu ungemfunga kamba ya mbuzi umpeleke kwa chifu. Hata mwizi wa ngamia kwetu huulizwa kabla ya kuhukumiwa. Waliokuua walikutazama kutoka juu, wakaona unamfungulia mtu mlango, wakaamua. Kesi yenu wote wawili ikaishia hapo.

Hooyo ananiambia niache, kwamba umeshafika kwa Hakimu asiyekosea. Naamini, Wallahi. Lakini mimi bado naishi na wanaokosea, na hata mmoja wao hajaja kuniambia pole.

Basi nakuahidi. Nitaandika kwa kila ofisi yenye mlango, mpaka mtu mmoja aweke kwenye karatasi kwamba ulikuwa dereva, na kwamba ulisimama kwa sababu mtu alitoa mkono. Na redio ikisema tena kwamba fulani ameuawa, sitashangilia kabla sijauliza nani alikuwa ameshika usukani.

Kwaheri, Aabo. Mungu akupe kivuli na maji huko uliko. Unisamehe yale mandazi.

Binti yako,
Halima