Sikupiga Kengele

Shikamoo, Mwalimu.

Usiitikie kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, maana ukianza wewe kusema mimi nitanywea kama nilivyokuwa nanywea kidato cha tatu, na leo sina nia ya kunywea.

Mashindano ya kughani mashairi tumefanya. Wapo waliosema yatazikwa pamoja nawe, tena walisema hata matanga hayajaisha. Mkuu wetu mpya wa shule akaniuliza, eti siku hizi mtoto akighani shairi anapata ajira gani? Nikamwambia, na akikaa kimya anapata ipi? Ukumbi wa shule akaninyima. Basi tukahamia ukumbi wa parokia. Shule saba zilikuja, mpaka za Mngeta na Kisawasawa, na watoto walishangilia mpaka mapangaboi hayasikiki.

Sasa jambo lenyewe. Nimeivunja sheria yako. Najua wameshakuja kunisemea huko kaburini kwako, kwa hiyo na mimi nakuletea upande wangu.

Sheria yenyewe uliiweka tangu mwaka wa kwanza wa mashindano: hakuna karatasi mkononi, na anayesahau unamhesabia vidole vitano, kisha unapiga kengele, anashuka jukwaani. Hakuna kukumbushwa wala kurudia. "Anayesahau hajalipenda shairi lake," ulikuwa ukisema. Mama Gaudensi, mkeo, aliniletea kengele hiyo siku ya arobaini, kaifunga kwenye kipande cha kitenge. Akasema, "Mwenyewe alitaka apewe Skola." Nililia mpaka nikashindwa kumkaribisha chai.

Basi kulikuwa na binti mmoja wa Mngeta, Kabula, kidato cha tatu, wazazi wake vibarua wa mashamba ya mpunga. Shairi katunga mwenyewe, beti saba, juu ya mafuriko yaliyowasombea mpunga wao. Sauti hiyo, Mwalimu! Kaja na mahadhi ya kwao, ya Kisukuma, sijawahi kusikia shairi likighaniwa vile. Wewe ungevua miwani. Alipofika ubeti wa nne, pale mama yake anaporudi kutoka shamba na jembe begani, hana kingine, akakwama.

Nikahesabu vidole. Kengele ninayo mkononi. Mwalimu Hamisi, rafiki yako, jaji wa miaka yote, kakaa kulia kwangu, akanikanyaga mguu chini ya meza. "Kengele, Skola." Mtoto ananitazama mimi.

Nikakukumbuka wewe wodini, wiki ile ya mwisho. Kiharusi kimeshakukunja upande mmoja. Uliniomba nikukalishe, ukaanza kughani lile shairi lako la Mto Kilombero, ulilokuwa unafungulia mashindano kila mwaka. Mstari wa kwanza ukaja. Wa pili ukaja. Wa tatu haukuja. Ulinitazama hivyo hivyo, machozi yakakushuka. Mimi nikakusubiri. Muuguzi akaja, akapima presha, akaondoka, na mimi nakusubiri tu. Mstari haukurudi. Ukanishika kidole, ukalala.

Sasa niambie, Mwalimu. Ulikuwa hulipendi shairi lako?

Na mimi je? Mwaka ule, kidato cha tatu, nilitoka Kisawasawa nimelikariri shairi langu nikipalilia, nikioga, nikisonga ugali, mpaka mama akalijua kwa moyo na yeye hakuwahi kukanyaga darasani. Nikakwama ubeti wa pili tu, nawe ukanipigia kengele mbele ya shule nzima. Nilikuchukia! Miaka miwili nilikuamkia kwa mdomo tu. Baadaye ukanifundisha kazi ya ualimu, ukanifanya mwanao, na mimi nikakupenda kama baba, lakini habari ya siku ile hatukuigusa hata mara moja. Nililipenda shairi lile, Mwalimu. Niliogopa tu.

Nikaiweka kengele sakafuni. Nikamsubiri Kabula. Kimya kilikuwa kirefu mpaka tukasikia kuku wa padri huko nje. Hakuna aliyecheka, hata wale wa kidato cha nne ambao hucheka kila kitu. Kisha akavuta pumzi, mstari ukaja, na mingine ikaufuata yote mpaka ubeti wa saba. Ukumbi mzima ukasimama. Nililia mbele za watu, na sijali.

Usidhani nimelegea. Alama nilimkata, tena nyingi, akashika nafasi ya tano. Baada yake wawili wengine walikwama, nao nikawasubiri. Mmoja hakukumbuka kabisa. Akasema, "Asanteni, langu limeishia hapa," akashuka mwenyewe, na wenzake wakampigia makofi.

Mwalimu Hamisi hakuyangoja matokeo. Alikusanya karatasi zake akatoka, na mlangoni akasema kwa sauti, "Marehemu angekuwepo, haya yasingetokea." Kweli, yasingetokea. Kesho yake kundi la walimu kwenye simu liliwaka moto, wiki haijaisha kikao kikaitwa. Wakataka ninyang'anywe mashindano wapewe watu wanaojua kufuata sheria. Nilisimama. Nikawaambia, anayeyataka ayachukue leo hii, ila kwanza amtaje kwa jina mtoto ambaye angemshusha siku ile. Hakuna aliyetaja.

Shule mbili zimejitoa, ziende salama. Mwalimu Hamisi shikamoo yangu haiitikii mpaka leo. Ila juzi amenitumia kwenye simu orodha ya wanafunzi wake wa mwakani. Bila salamu, bila habari za nyumbani, majina tu. Nimeyaandikisha yote.

Nyumbani kwako Lipangalala wanaendelea vizuri. Mama Gaudensi amelima bustani ya mchicha pale ulipokuwa unaegesha baiskeli, na anasema usiku halali vizuri lakini anakula. Nampitia kila Jumapili nikitoka misa.

Haya, Mwalimu, nakuacha upumzike. Nakuahidi mashindano hayatakufa mimi nikiwa hai. Na nakuahidi kwamba mwakani mtoto akikwama nitamsubiri, na mwaka mwingine nitamsubiri, hata nibaki jaji peke yangu mezani. Msamaha siombi. Kama nimekosea, inuka uje unikemee mwenyewe, mbele ya watoto wote, kwa ile sauti yako. Sitakukatiza hata neno moja. Njoo tu.

Mwanao,
Skolastika