Mbuzi wa Dada Robhi na Mlima wa Kifusi

Dada Robhi,

Ulikuwa unaniambia, "Bhoke, maswali yako yatakuja kukufukuzisha kazi." Haya, umekufa na maswali yameongezeka. Nakuandikia nikiwa hapa kwenye kitalu chetu cha miche, wenzetu wameenda kula. Usiniulize barua itafikaje, sijui.

Nianze na habari. Lile bango la getini, lenye malengo ya mgodi ya mazingira, limepakwa rangi upya. Maji ya kuchenjulia dhahabu yatumike tena na tena. Vumbi lipungue. Mlima wa kifusi, mawe yote yale yaliyotolewa shimoni, ufunikwe na miti ya asili. Hilo la mwisho ndilo letu sisi wa kitalu, na ndilo lililotutoa jasho ulipoondoka. Maana tulipokuzika tu, mbegu za migunga ziligoma kuota.

Niliziloweka. Nikazisugua kwenye saruji mpaka vidole vikachubuka. Nikabadilisha udongo. Wapi! Viriba, vile vimfuko vya miche, vimekaa tu na udongo wake. Kwako wewe zilikuwa zinaota karibu zote! Ulikuwa unakuja Jumatatu na kimfuko chako, unasema, "Hizi nimezichagua nyumbani," unazifukia, na baada ya siku chache zimechomoza. Mimi nikaamini una mkono mzuri. Miaka miwili umenifundisha kazi, na sikuwahi kukuuliza unazichaguaje. Mimi, Bhoke, sikuuliza!

Bwana Mazingira, yule afisa wetu wa kofia pana, akasema miche ya migunga isipopatikana kabla ya vuli ataagiza mikaratusi. "Ile inaota hata ukiitukana," akasema. Nilimkasirikia, dada. Unajua wewe ulivyoichukia mikaratusi, ulikuwa unasema inakunywa mpaka maji ya jirani. Na akija mkandarasi wa mikaratusi, sisi wanawake wa kitalu tutabaki kufanya nini?

Basi, siku ya kumaliza matanga nikapanda bodaboda mpaka kwenu Nyansurura. Mama yako akaniomba nifagie zizi la mbuzi kabla wageni hawajafika. Nafagia, mavi yamekauka, yanapasuka chini ya ufagio, na ndani naona mbegu. Za mgunga, nzima kabisa! Pembeni, pale mnapotupa mavi, migunga midogo imesimama bila mtu kuimwagilia. Nilikaa chini palepale na ufagio mkononi. Kumbe mbuzi anakula matunda ya mgunga, tumbo lake linalegeza gamba gumu la mbegu, na mbegu inatoka ikiwa tayari kuota. Nimechunga mbuzi utoto wangu wote, macho nilikuwa nimeyaweka wapi?

Ndipo nikaelewa kimfuko chako, na kwa nini ulikuwa unakifungua umetupa mgongo. Tangu mbuzi wa kijiji walipoingia na kumaliza miche, amri ya kitalu ni moja: kitu chochote cha mbuzi kisivuke uzio, hata mbolea. Wewe ukawa unazichambua mbegu kwenye mavi huko nyumbani, unaziosha, unazipitisha getini. Loo, Robhi, na ulivyokuwa unakwenda kanisani!

Nikiwa bado nashangaa, mama yako akanipa la pili. Mbuzi wote wanakwenda mnadani Alhamisi, kwa sababu hakuna tena wa kuwachunga. Baba yako mdogo ameshapata mnunuzi. Nikinyamaza, mbuzi wanaondoka na mikaratusi inakuja. Nikisema, wewe unaitwa mvunja amri na udongo wa kaburi lako bado mbichi, na mimi huenda nikafuata getini na virago vyangu. Nililia. Nilikukasirikia pia, nakuambia kweli. Kwa nini hukuniambia? Uliogopa mdomo wangu? Sawa, nakubali, mdomo ninao.

Jumatano asubuhi nikasimama mbele ya Bwana Mazingira. Nikamwamkia shikamoo, nikamwaga yote, na jina lako nikalitaja. Yeye akavua kofia akauliza, "Mbuzi wenyewe wako wapi?"

Tukaenda na gari la mgodi. Ungemwona! Mkubwa mzima amechuchumaa zizini kwenu, anapasua mavi kwa vidole na kuandika kwenye daftari. Mama yako akanivuta pembeni, akaniuliza kwa Kikurya kama yule mtu ana akili timamu. Mbuzi hawakwenda mnadani. Mgodi unachukua mbegu kwa mama yako sasa, na mchungaji kapatikana. Amri imerekebishwa, mbegu zinaoshwa nje ya uzio, na kwenye ripoti ya mazingira wameandika "njia ya Robhi". Nimeiona kwa macho yangu.

Lakini nikaona na jambo jingine humo. Ripoti inahesabu miche iliyopandwa. Nikamuuliza Bwana Mazingira, iliyokufa inahesabiwa na nani? Akasema fomu haina nafasi ya hiyo. Nikamwambia achore safu yake. Akachukua rula akachora.

Juzi mvua imenyesha, tukapandisha miche kwenye kifusi. Niliomba mama yako aje. Alisimama juu ya mawe muda mrefu, akaangalia Mto Mara kule chini, akaangalia vilima vya ng'ambo, akasogea hatua chache kushoto. Akaonyesha kidole chini. "Nyumba yetu ilikuwa hapa, chini ya mawe haya. Robhi nilimzaa hapa, kabla hatujahama kupisha mgodi."

Sikujua, dada. Hukusema hata siku moja. Tulikuwa tunaupanda mlima huu pamoja, unapumzika, unakunywa maji, unaniambia twende.

Tumepanda migunga mitatu hapo. Nilimpa mama yako koleo, akakataa. Alichimba kwa mikono, na mimi nikachimba naye.

Kwaheri, dada yangu. Kila kiangazi nitaukwea mlima huo na dumu la maji. Mgunga ukistawi nitakuambia umestawi, na ukifa hata mmoja nitakuambia umekufa, halafu nitapanda mwingine palepale mlangoni kwenu.

Mdogo wako,
Bhoke