Viatu Vyenu Nililinda Mie

Mama Hitesh,

Ungekuwa na kaburi ningekuja kukugombeza papo hapo. Lakini nyie mnachomana, majivu yako wameshayamwaga baharini, basi nakuandikia. Naandika mwenyewe kwa darasa langu la tatu hilo hilo. Sitaki mjukuu ajue aibu hii.

Jumamosi mkweo Rekha, mke wa mwanao, kaja huku Temeke na sketi yako nyekundu, ile niliyoishonea vioo mpaka vidole vikatoboka. "Bibi, ngoma yetu ya sikukuu, garba, imefika. Njoo uvae ya Ba." Ba wake ndiye wewe, mama mkwe. Nikamwambia mie siruhusiwi. Akacheka. "Nani kakwambia?"

Nani kaniambia! Si wewe, shoga yangu? Miaka yote niliyoshona dukani kwako ulinikazia macho: "Mama Asha, asiye wa dini yetu haingii kwenye duara." Nikaheshimu, mila za watu si za kuchezea. Kila sikukuu nikakusindikiza mpaka mlangoni mwa ukumbi, nikakaa barazani na viatu vyenu. Nasikia makofi ya wanawake ndani, na mguu wangu unakwenda wenyewe, maana hatua zote nazijua. Mazoezi si ulifanya na mie pale dukani? Adhuhuri wateja wakipungua unasukuma majora pembeni, unasimama mbele yangu. "Piga kofi, Mama Asha! Inama! Geuka!"

Basi nimekwenda. Taa iko katikati ndani ya chungu chake, wanawake wanaizunguka. Unajua nilimkuta nani? Yule mwalimu wa Kichaga, jirani yenu mpya, yumo. Binti uliyemwajiri dukani juzi juzi, yumo, na kitenge chake. Nikamuuliza Rekha, hawa wameruhusiwa tangu lini?

"Hakuna aliyewahi kukatazwa, Bibi. Ba alituambia wewe ndiye hutaki, eti dini yako inakukataza."

Loo! Kumbe kwangu unasema dini yako, kwao unasema dini yangu.

Na mie nilikuingiza kwenye ngoma ya mwali wangu, Asha. Umesahau? Kungwi alikataa katakata: "Huyu Mhindi anatafuta nini humu?" Nikamwambia akitoka yeye, natoka na mie, na mwali namchukua. Nikakufunga kanga kiunoni kwa mikono yangu. Ukakata kiuno ukaanguka, tukakunyanyua, tukacheka mpaka machozi. Hakuna aliyekwambia kaa nje.

Ulinionea haya, sema tu. Mshona nguo wako asionekane na wewe mbele ya wake wa matajiri.

Ulipougua nilikukanda miguu kila siku. Mdomo ulikuwa nao. Uliulizia chai, uliulizia mvua, uliulizia bei ya vitunguu. Hili hukulisema.

Haya, nikaivaa hiyo sketi, nikaingia. Hatua ya kwanza tu nikamvaa mama mmoja mnene kifuani! Wote wanakwenda kulia, mie nakwenda kushoto. Nikajaribu tena, nikamvaa mwingine. Ndipo nikaelewa: nilijifunza nikikutazama usoni, kwa hiyo kila kitu nimekichukua kinyume. Wakacheka. Nikacheka nao, meno tu. Miaka yote ile, Mama Hitesh, ulinisimamisha mbele yako. Kando yako hukunisimamisha hata siku moja.

Hilo ndilo limeniuma. Hilo kuliko uongo.

Sketi sirudishi. Nimeipunguza kiuno, maana ulinenepa. Kila asubuhi nikishafagia uani nafanya mazoezi, kulia, kulia, kulia, kuku wananikimbia na mjukuu anadhani nimechanganyikiwa. Mwache adhani.

Kwaheri, shoga. Kukusamehe bado, usinisukume. Ila nakuahidi sikukuu ijayo nitaingia tena, na nitazunguka wanakozunguka wenzangu, bega kwa bega na mkweo, tena mbele kabisa, hao wake wa matajiri wanione vizuri. Safari hii wewe ndiye utakaa nje na viatu. Ukisikia kofi limelia kuliko mengine, ujue ni langu.

Mama Asha