Mukamwana anasema chumba yangu iko «damp»

Alhamisi, saa tisa ya mchana. Mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha, ikarudia. Sasa jua inatoka kidogo hapa Ngezi, na mimi niko nakaa ku baraza na simu yangu, moyo umetulia.

Naandika na kidole moja. Nilifika mwaka ya tatu ya primaire tu, lakini hii page ya ku internet naijaza mimi mwenyewe, hakuna mutu ananisaidia. Iko wenye diploma mingi mu Bunia, na page hawana.

Wiki yote nilikuwa na hasira juu ya neno moja ya Kiingereza.

Deo, mutoto wangu wa mwisho, alioa binti wa Hoima, ng'ambo ya ziwa, Uganda. Tangu amezaa tunamuita Mama Isaka. Isaka iko na miezi mbili. Niliwapa chumba ya nyuma, mu nyumba niliyojenga na hii mikono: matofali ya udongo, plasta ya simenti ndani, mabati juu. Fundi hakukanyaga hapa.

Basi Jumatatu Deo ananikuta, anakuna kichwa. «Papa, tunatafuta nyumba ya kupanga kule Mudzi Pela.»

«Juu ya nini?»

«Mama Isaka anasema chumba iko damp. Mutoto anakohoa.»

Nikamuuliza hiyo damp ni nini. Akasema kwa Kifaransa ni humide. Nikamuambia humide ni neno ya ku hopitali, mimi nasema nyumba. Mabati yangu haivuji. Hata tone moja.

Sikuweza kwenda kuangalia. Kwetu siye, baba-mukwe haingie mu chumba ya mukamwana wake. Kuona kitanda yake tu ni haya. Tangu walihamia mule sikuweka mguu. Basi niligombana juu ya ukuta ambayo sikuiona, nikiwa nimekaa mu salon, siku tatu.

Mama Isaka mwenyewe alinijibu kutoka nyuma ya rido, pazia ya mulango wao, na Kiswahili yake ya Uganda. «Papa, damp si matusi. Wet ni nguo umetoa ku maji: unakamua, maji inaanguka. Damp ni ile nguo jioni, siku ya mvua. Unakamua, hakuna kitu. Lakini ukivaa, baridi inaingia mu mifupa.»

«Ndio kusema haijakauka muzuri,» mke wangu akasema.

«Nyumba si nguo!» nikasema. «Nyumba iko kavu ama inavuja. Katikati hakuna. Kama wanataka kwenda, waende.»

Nilisema hivyo, waende.

Ni uongo. Hii nyumba ilinyamaza miaka mingi, watoto walienda wote, na sasa iko na kilio ya mutoto asubuhi. Nilimaliza kuizoea.

Lakini hilo neno ya katikati lilinisumbua, sababu katikati mimi naijua kupita wote. Miaka zaidi ya makumi mbili nilitia samaki chumvi kule Kasenyi, ku ziwa. Samaki inaonekana kavu inje, unaishika inalia kama mbao, na ndani bado. Wengine walidanganywa. Mimi hapana. Niliweka kidole, halafu ulimi, nikasema: hii rudisha ku jua. Watu walinitoa mbali nije kulamba samaki yao tu. Uliza yeyote.

Leo asubuhi Mama Isaka alipeleka mutoto ku pesée, kupimwa kilo. Mbele aende, mke wangu alimuomba ruhusa kwa ajili yangu. Akakubali. Mke wangu akatoa nguo zote, akafunika kitanda na kitenge, akafungua mulango na kusema: «Ingia, inginieri.»

Nikaangalia juu kwanza. Mabati kavu. Nikacheka kwa nguvu, mke wangu asikie.

Halafu nikaweka mukono ku ukuta, chini ya dirisha.

Mukono haikulowa. Lakini ukuta ilikuwa baridi kama tumbo ya chura, na plasta ilivimba, unga nyeupe inaanguka. Nikajua kitu mbele ya kukubali. Nikafanya kama nilivyofanya ku samaki: nikalamba.

Chumvi.

Nikakaa chini pale pale. Mbele Deo aoe, hiyo chumba ilikuwa depo yangu miaka tisa. Magunia ya samaki ya chumvi niliyatia mule kwa kuogopa wezi, niliyaegemesha ku hiyo ukuta. Yalitoa maji, ukuta ikakunywa. Mke wangu alinionya: «Magunia yako inalia, baba.» Nikamuambia aache, matofali yangu haina kiu. Na chumvi inaita maji ya hewa, siku ya mvua gunia inakuwa nzito peke yake. Nani anajua hiyo kupita mimi? Halafu nikapiga plasta juu, nikapaka rangi ya bleu, nikamupa mujukuu wangu alale mule.

Mke wangu alicheka mpaka akashika mulango. «Miaka yote unasema chumvi inakuogopa. Kumbe ilikaa mu nyumba inakungojea!»

Walipotoka ku pesée niliwaita mu salon. Nikasimama, sikukaa. Nikasema: kosa ni yangu, chumba iko damp, Mama Isaka alisema kweli. Hiyo maneno ilikuwa nzito kupita matofali. Mukamwana akaangalia chini na heshima, lakini mabega yake ilikuwa inatikisika na kicheko. Akasema: «Asante, Papa. Basi tunabaki.»

Na ku pesée, Isaka ameongeza kilo.

Wamekwisha hamia mu chumba yetu ya mbele. Siye wazee tunalala mu salon mpaka ukuta mupya ipatikane. Na ile neno nimeikubali, ni ya kazi. Mchana nilimuambia mke wangu: «Makala hii ya kupikia iko damp.» Akajibu: «Sasa amekuwa profesa.» Lakini ilikuwa damp kweli, ilitoa moshi tu.

Deo anataka kuleta fundi. Nimekataa. Plasta peke yake haitoshi, chumvi iko ndani ya matofali, lazima ukuta yote ianguke na tujenge ingine. Asubuhi, mvua ikitupa nafasi, tutaanza. Deo iko na nguvu, atapiga nyundo siku muzima. Lakini ya kwanza nitapiga mimi.