Kokwa za Tende, Karakana ya Kaka Nassor

Jumamosi, 6 Septemba 2003
Kokwa tena. Nimechoma, nimetwanga, nimechekecha. Nywele zanuka moshi. Mama kaniletea mfuko mwengine kutoka kwa majirani zetu wa mtaa wa Hail. Wananiona nimerukwa na akili, lakini kokwa wanazikosha kabla ya kuzileta. Leo maabara ya chuo nimetia risasi kwenye maji, yale madini ya betri za gari, nikayapitisha kwenye mkaa wa kokwa. Yametoka karibu safi. Nimecheka peke yangu. Nna raha.

Jumatatu, 8 Septemba
Wadi Kabir, karakana ya Kaka Nassor. Anafufua betri kuukuu. Nilitaka maji machafu ya kweli, si ya kutengeneza. Kanijazia chupa, kanitania kuwa chupa hiyo ndiyo mchumba wangu. Maji ya betri wanayamwaga shimoni, nyuma. Karibu na shimo pana kisima. Baraka, Mkenya anayefanya kazi hapo na kulala chumba cha uani, alikuwa akikosha sufuria. Nikamuuliza kama maji ya kisima wanayanywa.
"Ya kunywa tunanunua, dada. Haya ni ya kuoga na kupikia ugali."
Nikachota chupa ya pili. Kaka hakuniona.

Jumatano, 10 Septemba
Kisima kina risasi. Nimepima tena nikiomba niwe nimekosea. Sikukosea. Haina harufu, haina ladha, inaingia mwilini na kukaa. Naogopa kumwambia Kaka. Kunyamaza kwanitisha zaidi.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimemwambia, baada ya chakula cha mchana.
"Wataka baladia, wakaguzi wa manispaa, waje wanifungie? Nyumba ngapi zinakula kwa karakana ile, Zuwena?"
"Watu wanapikia maji yale, Kaka."
Kachukua funguo, katoka. Mama kaondoa sahani. Nampenda kaka yangu. Nna hasira naye.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimekwenda kumwambia Baraka mwenyewe. Ni mwili wake, haki yake kujua. Kafunga bomba la maji ya kisima, kakaa juu ya tairi. Kauliza kama bosi anajua. Nikasema anajua tangu jana. Kanishukuru. Shukrani ile imeniuma kuliko matusi.

Jumapili, 14 Septemba
Baraka kapiga simu. Kaka kafika alfajiri na fundi, kisima wamekifunika kwa bamba la chuma na kulichomelea. Gari la maji limejaza tangi. Kisha Kaka kawapakia wafanyakazi wote, kawapeleka kupimwa damu. Mimi hajanambia neno. Basi. Nimelia kidogo, nikanywa chai.

Jumatano, 17 Septemba
Kaka kaja chuoni, kasimama mlangoni kama mgeni. "Hizo kokwa zako zinaweza maji yangu?" Nikasema zinaweza. Karakanani tumejaza mkaa pipa zima, tukamimina maji ya betri.
Nimepima: yametoka kama yalivyoingia.
Aibu. Kaka hakucheka. Afadhali angecheka.

Alhamisi, 18 Septemba
Mpumbavu mie! Asidi. Maji makali namna ile, mkaa hauishiki risasi. Chuoni maji yangu yalikuwa mapole. Lazima chokaa ianze, iue ukali, taka zitulie chini, ndipo maji yapite kwenye kokwa. Alhamisi huku ni mapumziko, nami nimeshinda jikoni kwa Mama nikitwanga. Mikono myeusi mpaka viwikoni.

Jumamosi, 20 Septemba
Yamekubali. Nimepima, nikapima tena. Kaka kanishika kichwa kwa mikono miwili, mbele ya watu, kama nilipokuwa mdogo. Matope ya chokaa na mkaa uliokwisha kazi tumevifungia kwenye madumu, havitupwi ovyo. Kaka kauliza kama tumimine kokwa kisimani. Nimemwambia ukweli: ardhi ile kokwa haziisafishi. Kisima kibaki kimefungwa. Kaitikia kwa kichwa.

Jumanne, 23 Septemba
Kaka kaenda baladia mwenyewe, kaeleza yote. Hawakumfungia. Kapewa muda ajenge birika la saruji badala ya shimo, na watakuja kukagua. Majibu ya damu nayo yametoka. Risasi kwenye damu ya Baraka ndiyo iliyozidi. Daktari kasema asishike betri tena, itashuka polepole. Kaka kamhamishia duka la betri, mbele ya karakana, mshahara uleule. Nimemuuliza Baraka kama ana kinyongo nasi. "Niko nacho kidogo," kasema. "Kitaisha." Nimeipenda kweli yake.

Ijumaa, 26 Septemba
Nimelala mpaka jua limeingia chumbani. Hapana aliyeniamsha. Wanawe Kaka wamekuja, wamejaza nyumba makelele, wamevunja kikombe. Alasiri tumetandika mkeka barazani. Mama kanisuka, vidole vyake vizito kidogo siku hizi. Kaka kalala palepale, mdomo wazi, mtoto juu ya kifua. Upepo umeanza kupoa.