Kanga ya Mama Katika Picha ya Uchina

Rayners Lane, London

Mdogo wangu Atupele,

Hujambo, na watoto je? Kifua cha baba kimetulia, au bado anagombana na dawa? Mimi mwili mzima. Moyo ndio huo, tangu mumzike mama nami nimebaki huku, pasipoti yangu imeshikiliwa na uhamiaji.

Yule bibi wa Kizungu ninayemtunza, kumbe alikuwa mchoraji! Ujanani alikaa vijiji vya pwani ya Uchina, akichora watu na kazi zao: wanaoanika dagaa, wanaoswaga bata, wanaopandikiza mpunga matope magotini. Atu, ni kwetu Kyela tupu. Juzi akafungua karatasi moja: mwanamke kaketi chini, kofia pana kichwani, miguu kainyoosha, anapepeta mpunga, uso kaugeuza pembeni kukwepa pumba. Yesu wangu! Mama kabisa. Nililia mpaka bibi akaacha chai yake.

Nikamweleza kwamba picha pekee ya mama niliyo nayo ni ile ya kadi ya kura mliyoikuza kwa ajili ya msiba, kakodoa macho kama kakamatwa na polisi. Halafu, sijui ujasiri niliutoa wapi, nikamwambia, "Bibi, mama hakuvaa kofia pana hivyo. Alijifunga kanga." Akacheka, akachukua penseli. Akafuta kofia, akachora kanga na fundo lake juu ya sikio. Akasema, "Jumapili ukienda kwako, ichukue."

Jumamosi akaja binti yake kuchukua picha za maonyesho. Kuiona hiyo tu, akawaka. "Nani kaiharibu?" Nikamtazama bibi anisemee. Wapi! Akili yake siku hizi huja na kuondoka. Akaikodolea ile picha, akauliza, "Huyu mama ni nani?" Binti akaibeba. Nami nikashindwa kusema ni mama yangu, ningeonekana mwehu.

Naumia, mdogo wangu, na nina ombi. Wewe ndiye uliyefanana naye. Chukua ungo wake, jifunge ile kanga yake yenye michoro ya korosho, ukae pale nyuma ya jiko alipokuwa akikaa. Shemeji akupige picha.

Nisalimie baba, mama mdogo aliyemwosha mama, na mchungaji aliyetuzikia.

Na kamera usiitazame, Atu. Geuza uso, pepeta.

Dada yako,
Tumpe